Beseni ya Karanga ya Mama wa Kitanda

Hii habari inanionyesha mi mupumbafu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na naisema mbele ili usichoke kungojea fasi yenye nitakuwa na akili. Haiko. Kama unatafuta mutu wa akili humu, angalia bibi yangu, mwenye nilioa, ao yule mama mwenye tulizika juzi juzi hapa Kolwezi. Mi nilifika paka darasa ya sita, na hata pale mwalimu alinipitisha juu ya kuchoka kunisikia.

Lakini kinywa niko nayo. Mu shimo, kinywa ni kazi sawa kazi ingine. Mu ekipe yetu tulikuwa bachimbaji ine: mumoja anavuta kamba, babili banakata mawe, na mi nakata mawe na kusema. Kule chini, fasi hauone hata mukono yako, mutu wa kukuchekesha ni sawa taa. Nilikuwa naiga sauti ya pasteri, ya polisi wa ku bariere, ya mukubwa wa depo yenye inanunua mawe yetu. Na yenye ilipendwa kupita zote ilikuwa ya Mama wa Kitanda.

"Tata," nilikuwa nasema na ile sauti yake ya polepole, inapita mu pua kidogo, "ulisha kumuuliza bibi yako ye anapenda nini?"

Batu banacheka mpaka vumbi inaanguka juu yetu.

Balimuita Mama wa Kitanda sababu ya kazi yake. Baba yake balimutosha kwabo Kasai zamani, kumuleta kutumika mu mine. Ye alizaliwa hapa hapa, akatumika ku materinite miaka mingi, anazalisha. Pale njo aliona mambo. Mwanamuke anakuya na mimba ya tano, unamuuliza, anakuambia hajaonaka furaha mu kitanda hata siku moja, alizani ni vile Mungu alipanga. Basi akaanza kubafundisha. Kwetu kufundisha mwari haiko kitu mupya: kuko banachimbusa, bale bamama benye banafunga binti mu nyumba mbele ya ndoa na kumuonyesha namna ya kuishi na bwana. Lakini ile ni siri ya banamuke peke yabo. Ye alifanya kitu chenye mutu hakufanyaka hapa: aliita na bwana. Akabaikalisha bote babili fasi moja, akaanza kubauliza.

Banachimbusa balikasirika, basema anatosha siri inje. Ku kanisa balimufukuza mu kundi ya bamama. Balimupatia saa moja ku radio, ikakatwa mbele mwezi haijaisha. Ile naikumbuka, nilikuwa mutoto. Baba yangu alikuwa anapunguza sauti ya radio mpaka inabakia sawa mududu mu chupa, lakini hakuizima. Shi batoto tulijua kama ni mambo ya maana, juu hata mama alikuwa anaacha kusonga bukari na mwiko inasimama mu sufuria.

Basi njo mutu mwenye mi nilikuwa nachekea mu shimo.

Mwaka jana, mvua ya kwanza, udongo ikanikamata. Haikuwa mingi. Ilikuya na pembeni, bila haraka, ikafunika miguu, ikafunika magoti, ikasimama ku kiuno. Sikuweza kutikisa hata kidole. Yule wa kamba, yaya mumoja, njo vile tunaita mwanaume mwenye anatupita miaka, wa kule Musumba, munene, musema kidogo, akashuka mwenyewe na kuchimba na mikono. Ile wakati yote mi nilikuwa nasema. Nilimuambia aniache, nimesha kuota mizizi, arudie wakati nitakomaa. Hakucheka. Akanitosha, nikaikala juu ya mufuko, nikaangalia miguu yangu sawa ni ya mutu mwingine mwenye aliisahau pale.

Ku nyumba nikamuambia bibi kama nilichelewa juu moto, ile pikipiki yenye nilipanda, ilipasuka pine, mupira wa gurudumu. Unauliza juu gani nilimudanganya? Kaka yake alikufia mu shimo. Mbele anikubali, alisema mbele ya bazazi bote: "Siku udongo itakugusa, ile kazi inaisha." Na mi kazi ingine siyue. Basi nikanyamaza. Mara ya kwanza mu maisha yangu, na nilichagua siku mubaya.

Kutoka pale, mambo ya kitanda ikakataa. Kichwa inataka, roho inataka, bibi yangu ni muzuri hata bajirani banajua, lakini kutoka kiuno kushuka hakuna mwenye anaitika. Siku ya kwanza nilisema ni uchovu. Siku ya pili nilisema ni bukari ya usiku. Siku ya tatu nikatafuta uongo wa kudumu.

Mu shimo kuko kizila moja, yaani katazo ya bachimbaji: usiku wa mbele ya kushuka, mutu asiguse mwanamuke, mawe isikimbie. Ni usiku moja tu. Mi nikaivuta sawa mupira.

"Tuko karibu kupata mushipa ya mawe ya muzuri," nikamuambia. "Wakubwa basema kizila inaendelea mpaka tuipate."

"Mpaka lini?"

"Mawe haina kalendari."

Mwezi ikapita, ingine ikapita. Bibi yangu alikuwa anauzisha ndagala, bale samaki badogo ba kukausha, na alikuwa nayo soko: bamama banatoka mbali kununua kwake. Siku moja narudia, nakuta ndagala haiko tena, kuko mafungu ya sombe, yale majani ya muhogo.

"Batu banatokaka ku majani banaenda ku samaki," nikamuambia. "We unatoka ku samaki unaenda ku majani. Biashara yako inatembea kinyumanyuma sawa kaa."

Alicheka na upande moja ya kinywa. Akaanza pia kuoga asubui, saa sita, na mangaribi. Nikamuambia atapunguka, kidogo kidogo tutabakia na taulo. Niliona ile ni mazungumuzo ya muzuri. Niko na akili mingi sana, unaona.

Ku mwezi ya tatu, akaenda kuuzisha sombe ku nyumba ya yule yaya wa kamba. Akamukuta ku barza, akamuuliza na heshima: "Yaya, ile kizila yenu inaisha lini?"

"Kizila gani?"

"Ya mawe. Ya miezi tatu."

Yaya ni mutu wa kusema ukweli mbele ya kufikiri. "Ile ni ya usiku moja," akasema. Basi.

Niliporudia, mufuko yake ilikuwa imefungwa, inasimama ku mulango. Hakupandisha sauti.

"Treni ya Kasaji ikifika, naenda kwetu. Kama uko na mwanamuke mwingine, sema sasa."

"Siko naye."

"Basi ni mi."

Ile ilikuwa mulango wazi, nilipaswa tu kuingia na kusema ukweli. Nikauliza kama kuko bukari.

Kama hauishi hapa, hauyue treni ya kwetu. Haina siku. Inaweza kukuya kesho, inaweza kukuya kisha siku mbili, inaweza kulala fasi ku njia mpaka batu ba mule banafanya soko. Kwa mutu mwenye bibi yake anaingojea, ni mateso. Sikuikala tena. Nilikula nasimama. Kila kitu yenye inalia, niliruka: kamyo, kengele ya kanisa, mutoto wa jirani na kipenga. Nilikuwa naamuka mbele ya jua kuangalia kama mufuko iko ku mulango, na kama iko, naenda kazi nakimbia, na ku kazi nakimbia kurudia.

Kesho yake, mangaribi, yaya ananivuta na kamba kutoka shimo. Katikati akasimamisha. Nikabakia naning'inia sawa kuku ya soko.

"Mudogo," akaita kutoka juu. "Miezi tatu?"

"Yaya, nivute kwanza."

"Sema kwanza."

Nikasema. Mutu anasema haraka sana kama miguu haigusi kitu. Aliposikia yote, akanivuta polepole, na nilipofika juu akasema: "Enda ku Mama wa Kitanda."

"Yule?"

"Yule yule wa sauti yako."

Lupango yake, kiwanja na nyumba ndani, ilikuwa ku njia ya Kingamyambo, na miti mbili ya mapapai na biti bya plastiki. Mbele ya kila kiti kuko beseni. Hii njo ilikuwa namna yake ya kutumika: ukifika, anakupa karanga ya shamba lake, na maganda yake, na unaimenya wakati munazungumuza. Asema mutu akisema mambo ya kitanda, macho inatafuta fasi ya kukimbilia, basi anaipa fasi. Na hauende mpaka beseni inaisha. Batu balikuwa banacheka kama ndoa zote za Kolwezi zinamutumikia bule.

Nikaikala, nikakamata karanga. "Mama, niko na rafiki mwenye ana shida."

"Rafiki yako ana bibi?"

"Ndiyo."

"Umulete na bibi yake."

"Bibi hawezi. Yuko na safari."

Akaniangalia kwa murefu. "Basi muanze na rafiki. Siku ya ine."

Mutu wa akili angejua pale kama alisha kunikamata. Mi nikaenda kutafuta rafiki. Nikamulomba yaya aje asimulie shida yangu sawa ni yake, mi niikale pembeni, nisikie dawa. Nilimuahidi bidoo muzima ya munkoyo, ile kinywaji ya mahindi. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akasema, "Sawa, tuende," na ile haraka ilinishangaza.

Siku ya ine tukaikala, kila mutu na beseni yake. Yaya akaanza muzuri, vile nilimufundisha: "Mama, tangu udongo ilinikamata..." Akasimama. Akamenya karanga moja, akamenya ya pili. Kisha akasema na sauti ingine: "Hapana. Mama, tangu tulizika mutoto wetu, mi naogopa kumugusa bibi yangu. Nikimugusa atazaa tena, tutazika tena. Iko mwaka."

Mwaka nzima yule mutu alikuwa anashika kamba yenye inashika mi, na ile woga yake sikuijua. Alilia bila sauti, na mikono haikuacha karanga. Yule mama hakusema pole. Alimungojea. Kisha akamuuliza kama bibi yake alisha kusikia ile maneno na masikio yake. Yaya akakataa na kichwa.

"Kuya naye," mama akasema. Njo akanigeukia. "Na we, tata. Angalia beseni yako."

Nikaangalia. Nilikuwa natupa karanga chini na kuweka maganda mu beseni.

Pale pale treni ikalia.

Nilisimama, kila kitu ikapinduka, nikakimbia. Kutoka pale mpaka kwetu ni fasi ya kupanda moto, mi niliikimbia na miguu, na kandambili moja ilibakia ku njia. Bibi alikuwa anaikala inje, juu ya mufuko yake.

"Ni treni ya mizigo," akasema. "Haibebake batu. Juu gani unakimbia?"

"Udongo ilinikamata."

"Lini?"

"Mvua ya kwanza. Ile siku ya pine."

"Mpaka wapi?"

Nikaonyesha na mukono, ku kiuno. Aliangalia mukono yangu, akaangalia chini yake, na niliona vile anajumlisha: mvua, pine, kizila, usiku zote zile. Nikangojea kofi. Akauliza, "Nani alikutosha?"

"Yaya wa kamba."

"Nitamupelekea kuku." Kisha akasema: "Tutaenda ku yule mama bote babili. Lakini mufuko inabakia vile iko."

Yule mama alikuwa na sheria moja: mumoja akisema shida yake, mwingine anairudilia na kinywa yake, mpaka mwenye shida aseme, njo vile. Bibi akaanza. Alisema na kichwa chini, anamenya karanga haraka sawa mutu mwenye anaifanya tangu kuzaliwa.

"Nilizani nanuka samaki. Niliacha ndagala juu ya ile. Nilioga mara tatu ku siku. Na ye alikuwa anacheka."

"Rudilia," mama akaniambia.

"Asema alizani ni harufu ya ndagala, na kweli ndagala haiko marashi..."

"Haiko vile," bibi akasema.

Nikajaribu tena, nikaingiza tena mucheko kidogo, juu mi bila mucheko ni sawa bila suruali. "Haiko vile." Mara ya tatu nikasema maneno yake peke yake, bila kuongeza chumvi: aliacha kazi yake, alisugua ngozi yake mara tatu ku siku, na mi nilikuwa nacheka. Bibi akaacha kumenya. Akasema, "Njo vile."

Kisha ikawa zamu yangu, na bibi akarudilia ya udongo vizuri kunipita mi mwenye nilikuwa ndani.

Mama akasema, "Baliniambiaka kama unaiga sauti yangu. Fanya, nisikie."

Nilitaka ile udongo irudie inifunike yote. Lakini haukatale mama mwenye umepindua karanga yake. "Tata," nikasema mu pua, "ulisha kumuuliza bibi yako ye anapenda nini?"

Alicheka mpaka akapangusa macho. "Ni mi kabisa. Sasa muulize na sauti yako."

Nikamuuliza. Jibu yake haiko ya kuandika. Lakini nilikuwa na miezi kumi mu ndoa na nilikuwa nafahamu mawe kumupita.

Dawa yenye alitupa ilinishangaza: mwezi muzima, kitanda ni ya kulala tu. Hata mutu akitaka, hapana. Kila siku, jua ikiwa ingali inawaka, mumoja amuoshe mwingine miguu mu beseni, polepole, na kuuliza. Asema ile sehemu yangu yenye ilibakia mu udongo haitatoka kwa kuvutwa kwa nguvu. Unaona Mungu anavyocheza na batu: mi nilimutungia bibi kizila ya uongo, na sasa nilipewa ya kweli, na bibi njo akakuwa polisi wake. Alikuwa ananiambia, "Mawe itakimbia," na kunigeukia mugongo anacheka. Na siku ya kwanza ya kuosha miguu, alianza na vidole, na nilivisikia vyote kumi.

Treni ya Kasaji ikafika ile juma. Tuliisikia bote babili, miguu yangu mu maji. Bibi akainua kichwa, akasikiliza mpaka ikanyamaza, akaendelea kuosha. Mufuko aliifungua siku zile zilifuata, kitambaa moja moja. Lakini neno yake ya mbele ya bazazi alilishika: mi sishuki tena. Navuta kamba na yaya, na wa chini banalalamika kama shimo imekuwa baridi.

Njo yule mama akakufa. Ilikuwa ugonjwa wa uzee, hapa hapa ku lupango yake. Ku kilio batu balikuwa bengi mpaka biti ikakosa: banachimbusa bazee balikuya, pasteri alikuya. Na kila mutu mwenye unamuuliza alimujua wapi, asema alikuwa anamununulia karanga. Mukubwa wa depo: karanga. Mwalimu na bibi yake: karanga. Pasteri mwenyewe akasema, na macho chini, kama karanga ya marehemu ilikuwa tamu.

Binti yake akasimama kushukuru batu. "Bote munasema karanga," akasema. "Mama hakuuzishaka karanga hata siku moja. Alikuwa anaipeleka yote ku materinite."

Kila mutu akatafuta kitu ya kuangalia, na pale hapakuwa beseni. Mi nilikuwa nasimama nyuma, bibi yangu pembeni, miguu inaniwasha vile inaniwashaka tangu ile udongo. Najua kuna fasi ya kunyamaza. Lakini nilifikiri: alifukuzwa ku kanisa na ku radio juu yetu, na hata leo mu kilio yake tunapunguza sauti. Nikasema, "Mi sikununua kitu. Nilikuya juu kutoka kiuno kushuka nilikuwa nimekufa."

Nikasimulia. Udongo, kizila, kamba, maganda mu beseni, treni ya mizigo, yote yenye inanichekesha mi mwenyewe. Ya yaya sikuitaja, ni yake. Niliiga sauti ya marehemu, na binti yake akafunika kinywa na mukono, mabega yanatikisika, na sikujua kama analia ao anacheka, nazani hata ye hakujua. Batu balicheka. Hakuna mwenye alisimama kisha yangu kusema yake. Lakini pia hakuna mwenye alisema tena karanga.

Tukarudia na moto, mi naendesha, bibi nyuma, na beseni yake ya ndagala mbele yangu juu asubui alikuwa ametoka soko. Alinyamaza mpaka tukapita raundi puan, ile fasi barabara inazunguka. Nikazani nimemuletea haya. Kisha akaweka kidevu ku bega yangu.

"Ulisema yako yote," akasema. "Ya samaki haukuigusa. Siku ingine, na ile uiseme."